Kasino Ina Mlango, Dubwi Halina

Gari la mboga kutoka Mgeta likishateremka milima ya Uluguru na kutokea Sangasanga, kwenye barabara kuu ya Iringa, mzigo wake huwa tayari una wenyewe. Karoti, kabichi na viazi mviringo vingine vinaendelea hadi Dar es Salaam, vingine vinashushwa Morogoro mjini, na kabla jua halijawa kali fedha taslimu imekwishapita mikono ya mnunuzi, dalali na mwenye gari ikielekea kwa mkulima. Upande wa pili wa milima, Kinole na Matombo, mzunguko ni ule ule ila mzigo ni ndizi, matunda na viungo. Mtaji wa soko hili ni mdogo na una haraka. Mchuuzi anayenunua tenga la nyanya alfajiri hana budi awe ameliuza kabla ya magharibi, maana fedha ile ile ndiyo itakayonunua tenga la kesho.

Katikati ya haraka hiyo biashara nyingine imechomeka mkono. Maduka ya kubeti na mashine za sarafu, zile ambazo vijana wanaziita dubwi, hazikufuata watalii wala hoteli kubwa. Zimefuata fedha taslimu ilipo: jirani na stendi, jirani na soko, kwenye baa na kwenye vijiwe vya bodaboda. Na kwa wale wasiopenda kuonekana, mchezo umo ndani ya simu, unalipiwa kwa namba ya siri ile ile inayolipia mbolea na ada ya shule.

Mijadala ya kubahatisha nchini kwa kawaida huangukia kwa wahubiri upande mmoja na watu wa Hazina upande wa pili. Mfanyabiashara mdogo husahaulika katikati, ingawa mtaji unaochezwa mara nyingi ni wake, au wa mteja wake, au wa yule aliyemkopesha mzigo kwa maneno ya "nitakulipa nikiuza".

SHERIA ILIVYOKUJA

Mwaka 1967, ule ule wa Azimio la Arusha, nchi ilipata sheria ya kusimamia pools na bahati nasibu. Mwaka 1974 ikaja sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, na tiketi ikawa mali ya dola. Mantiki ya enzi zile ilikuwa nyepesi: kama watu hawazuiliki kujaribu bahati, basi afadhali faida iingie Hazina kuliko mfukoni mwa mtu binafsi. Milango ya uchumi ilipofunguliwa baada ya Mzee Ruksa kushika nchi, mambo yakageuka. Kasino zikaanza kuonekana Dar es Salaam katika miaka ya 1990, na baadaye majina kama Las Vegas, Sea Cliff na New Africa yakazoeleka kwa wenye nafasi na kwa wageni.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ni Sura ya 41 ya sheria za nchi, ilizifuta zile mbili za zamani na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Bodi hiyo ilianza kazi Julai 2003. Umri wa kucheza ukawekwa kuanzia miaka 18, na leseni ikawa lazima kwa kila mwenye mchezo.

Jina nalo lina habari yake. Neno la mitaani tangu zamani ni kamari, na kamari katika masikio ya watu wengi wa Morogoro, Waislamu na Wakristo, ni neno lenye doa. Sheria ikachagua "michezo ya kubahatisha", jina lililonyooshwa kwa pasi. Karata tatu ya stendi, ambayo ni utapeli mtupu, haikupata jina jipya. Ikabaki kuwa kazi ya polisi. Mstari uliochorwa hapo ni wa leseni na kodi. Kiasi gani mchezo unachukua kutoka kwa mchezaji, na unamchukulia wapi na saa ngapi, ni maswali yaliyobaki nyuma.

Si ajabu. Mwaka 2003 simu ya mkononi ilikuwa bado ya wachache na M-Pesa haikuwepo. Iliingia Tanzania mwaka 2008. Sheria inataja michezo mingi, lakini udhibiti wa aina yake unakaa vizuri zaidi kwenye kasino. Kasino ina jengo, ina mlango, mlangoni kuna mtu anayeweza kuuliza kitambulisho. Ina kamera, ina daftari la mapato, ina wafanyakazi wanaofahamika. Mkaguzi akitumwa anajua pa kubisha hodi. Dubwi limesimama kwenye kibaraza cha duka, halina mlinzi, na wa kumuuliza mtoto umri wake ni muuza duka mwenyewe, ambaye wakati huo anapima sukari.

HESABU YA MWENYE MCHEZO

Kabla ya kuzungumzia sera ni vizuri msomaji aione biashara yenyewe ilivyo, kama anavyoiona biashara ya nafaka au ya mitumba. Kila mchezo una bei, ila bei hiyo haibandikwi ukutani.

Ruleti ya kawaida ya kasino ina vinyumba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Anayeweka shilingi 1,000 kwenye namba moja na kushinda hulipwa 35,000 na kurudishiwa 1,000 yake. Tuseme mtu ameweka 1,000 kwenye kila namba: ametoa 37,000 na lazima ashinde namba moja, anapokea 36,000. Shilingi 1,000 imebaki mezani, sawa na asilimia 2.7. Meza za mtindo wa Kimarekani zina sifuri mbili, jumla vinyumba 38, na hapo nyumba inabaki na asilimia 5.3. Hiyo ndiyo bei.

Sasa mkeka. Tuchukue ubashiri wa pande mbili zenye nafasi sawa, mathalani magoli kuzidi au kutozidi idadi fulani. Bei ya haki ni mara 2.00. Duka likitoa 1.90, mchezaji amelipa asilimia 5 kwa ubashiri mmoja, karibu sawa na ile ruleti ya sifuri mbili. Lakini kijana wa kijiweni habeti mechi moja. Anasuka mkeka wa mechi 10, kwa sababu mechi moja inamletea faida ya soda na yeye anataka pikipiki. Hapo asilimia 5 inajizidisha mara 10. Nafasi ya kupatia zote ni 1 katika 1,024. Bei ya haki ya mkeka huo kwa shilingi 1,000 ingekuwa 1,024,000. Kwa 1.90 mara 10, duka linalipa kiasi cha 613,000. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 1,000 inayowekwa kwenye mikeka ya namna hiyo, takriban 600 ndizo zinazotarajiwa kurudi kwa wachezaji wote kwa jumla, na 400 zinabaki dukani. Kodi ya ushindi haijakatwa bado.

Hakuna muuza mchele wa Morogoro anayepata faida ya shilingi 400 kwa kila 1,000 ya mauzo. Ndiyo maana matangazo yanasifu mikeka mirefu, na ndiyo maana duka la kubeti linamudu pango mahali ambapo mwenye duka la vipuri alishindwa.

Dubwi nalo lina lake. Mashine za sarafu hupangwa kurudisha sehemu fulani ya fedha zinazoingia. Katika jimbo la Nevada, Marekani, kiwango cha chini kisheria ni asilimia 75, na New Jersey ni asilimia 83. Tuseme, kwa mfano tu, mashine inarudisha 80. Mtu mwenye shilingi 10,000 angedhani atapoteza 2,000 na kuondoka. Tatizo ni kwamba anachorudishiwa anakirudisha. Raundi ya kwanza anabaki na 8,000, ya pili 6,400, ya tatu 5,120, ya nne 4,096, ya tano 3,277. Hapo hajadanganywa na mashine. Inafanya ile ile asilimia 80 iliyopangiwa. Kasi ndiyo iliyommaliza. Mkeka unangoja mechi iishe, ruleti inangoja gurudumu litulie, lakini dubwi linamaliza raundi kabla muuza duka hajarudisha chenji.

Na chenji yenyewe ina kisa. Mashine hizi zimezoea sarafu ya shilingi 200, sarafu ambayo muuza vocha, muuza maandazi na kondakta wa daladala wanaihitaji kuliko mtu yeyote. Ikishaingia tumboni mwa mashine haitoki hadi mwenye ufunguo apite.

KODI INAVYOISUKUMA MASHINE

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na hapazungumzwi sana.

Serikali inaweza kuitoza kamari kodi kwa njia kadhaa, na kila njia inampeleka mwenye mchezo upande wake. Inaweza kutoza asilimia ya fedha zote zilizowekwa. Inaweza kutoza asilimia ya mapato ghafi ya mchezo, yaani fedha zilizowekwa ukitoa zawadi zilizolipwa. Inaweza kumkata mshindi kwenye ushindi wake. Na inaweza kutoza kiasi kimoja kwa kila mashine kwa mwezi, iwe imepata au haikupata.

Tuseme wiki hii duka limepokea 1,000,000 na kulipa washindi 800,000. Kodi ya asilimia 6 ya fedha zilizowekwa ni 60,000. Kodi ya asilimia 30 ya mapato ghafi nayo ni 60,000. Zinafanana, mpaka wiki ambayo washindi wamekuwa wengi na duka limelipa 950,000. Kwa njia ya kwanza duka bado linadaiwa 60,000 ilhali lililobaki nalo ni 50,000. Kwa njia ya pili linadaiwa 15,000. Njia ya kwanza inamfanya mwenye duka apunguze bei za ushindi au asukume mikeka mirefu zaidi ili kujikinga. Njia ya pili inaifanya serikali kuwa mbia: duka likipata inapata, likikosa inakosa.

Tanzania imepita kwenye zaidi ya njia moja. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2017, ukusanyaji wa kodi hizi ulitoka kwa Bodi na kwenda Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2021 kodi ya mapato ghafi ya ubashiri wa michezo ilipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 30, nyongeza ikielekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na kodi ya ushindi ikashushwa kutoka asilimia 20 hadi 15. Mapato ya serikali kutokana na sekta nzima yalivuka shilingi bilioni 100 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2020. Si fedha ya kupuuzwa, na hakuna waziri wa fedha atakayeiacha kwa sababu ya hotuba.

Lakini ile kodi ya kila mashine kwa mwezi ndiyo ya kuangaliwa na watu wa sokoni. Kodi isiyobadilika haiulizi mashine iko wapi. Mwenye mashine 20 anaposikia kiwango kimepanda, haziuzi zote. Anaondoa zile zilizo kwenye baa tulivu ambazo hazirudishi kodi, na kuzileta palipo na watu wengi wenye sarafu nyingi asubuhi hadi usiku. Mahali hapo panajulikana: soko, stendi, kituo cha bodaboda, njia ya wanafunzi. Kodi iliyodhaniwa itapunguza mashine inaweza kuzipunguza kwa idadi huku ikizisogeza kwenye fedha ya mtaji. Zinazobaki nje ya hesabu ni zile zilizofichwa chumba cha nyuma bila stika ya leseni, ambazo hazilipi chochote.

HESABU YA MWENYE DUKA NA HESABU YA MTAA

Asilaumiwe mwenye duka anayekubali mashine kibarazani. Tuseme mashine inabaki na 20,000 kwa siku, na kwa makubaliano yao mwenye duka anapata robo, yaani 5,000. Wachezaji ni wateja wake wale wale. Tuseme nusu ya ile 20,000 ingenunua bidhaa dukani kwake, na faida yake kwenye bidhaa ni asilimia 10. Amekosa faida ya 1,000 na kupata 5,000. Amefanya biashara nzuri.

Mtaa ndio uliofanya mbaya. Shilingi 15,000 zimeondoka kila siku kwenda kwa mtu asiyenunua mchicha pale wala kukopesha mtu pale. Kwa mwezi ni 450,000 kwa mashine moja, na hizo ni hesabu za mfano tu. Muuza chapati anayeona biashara imepoa hajui aulize nani. Kikundi cha VICOBA kinaona marejesho yanachelewa, mwanachama anasema mtoto anaumwa, na pengine anaumwa kweli. Akikosa hapo anakwenda kwenye mikopo ile inayoitwa kausha damu, na riba inaanza kula friji na godoro.

Ajabu nyingine ni kwamba halmashauri hizi hizi zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kijana anapewa mtaji na mkono mmoja wa serikali, kisha anatembea hatua 50 na kukutana na mashine yenye leseni ya mkono mwingine. Wale wa vyuo, SUA na Mzumbe, hawahitaji kukumbushwa jinsi siku ya kuingia kwa bumu inavyofanana na siku ya mavuno.

Leseni ya mchezo hutolewa na Bodi, siyo na Manispaa. Manispaa inabaki na soko, vibanda, taa na takataka.

JIRANI ALIVYOTELEZA

Kenya imekwishalipa ada ya somo hili. Kuanzia Januari 2018 kodi ya mapato ghafi ilipandishwa hadi asilimia 35. Kampuni ya SportPesa ikafuta udhamini wake kwa michezo ya Kenya mwezi ule ule, na kabla mwaka haujaisha kiwango kikarudishwa asilimia 15. Mwaka 2019 leseni za kampuni kadhaa hazikuhuishwa, ikawekwa kodi ya asilimia 20 kwenye fedha inayowekwa, na SportPesa ikafunga shughuli zake Kenya Septemba 2019. Kodi hiyo ya asilimia 20 ikaondolewa mwaka 2020, na baadaye ushuru wa namna hiyo ukarudi kwa viwango vingine. Katika pandashuka hiyo vijana hawakuacha kubeti. Walihamia kwa aliyebaki wazi. Waliopata hasara ya wazi ni wafanyakazi wa kampuni, vilabu, na mawakala waliokuwa wamefungua vibanda kwa mkopo.

Kwa Tanzania funzo ni la karibu. SportPesa hiyo hiyo iliingia nchini mwaka 2017 kwa kuzidhamini Simba na Yanga, na tangu hapo jezi, redio na kamari vimekuwa ndugu. Januari 2019 matangazo ya kubahatisha redioni na kwenye runinga yalisitishwa kwa agizo. Baadaye yakarudi hewani. Mwekezaji yeyote akiangalia mwendo huo anaona kwamba kanuni za biashara hii hubadilika kwa agizo au kwa bajeti, mara nyingi bila yeye kupata nafasi ya kujipanga.

Uganda ilipita njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2016 iliweka umri wa kucheza kuwa miaka 25. Ni uamuzi wenye busara yake, kwa kuwa unaitenga miaka ambayo kijana anaanza biashara ya kwanza, ila umri wowote ule unahitaji mtu mlangoni.

Mbali kidogo, Afrika Kusini ilipoamua kuruhusu kasino nchi nzima kwa sheria ya mwaka 1996, ilianza na idadi: leseni zisizozidi 40, zigawanywe kwa majimbo, na bodi za majimbo ndizo zichague nani apate na kwa masharti gani. Waombaji walishindana kwa ahadi za hoteli na kumbi za mikutano. Singapore ilipofungua kasino zake mwaka 2010 iliwaacha wageni waingie bure lakini ikamtoza raia dola 100 za Singapore kila siku anayoingia, na mwaka 2019 ikapandisha hadi 150. Familia pia inaweza kuomba ndugu yao azuiwe mlangoni. Nchi hizo mbili zilijibu swali moja ambalo Tanzania imelizunguka: fedha hii tunataka itoke kwa nani?

Na yupo wa kuogopesha. Atlantic City, katika New Jersey, ilifungua kasino yake ya kwanza mwaka 1978 na kwa miaka mingi ikawa peke yake upande ule wa Marekani. Majimbo jirani yalipofungua za kwao, wateja wakabaki makwao. Mwaka 2014 pekee kasino nne zilifunga milango, na mji uliokuwa umeegemea kodi hiyo ukabaki na majengo.

KAMA KASINO INGEKUJA MOROGORO

Wenye hoteli wa mji kasoro bahari wana sababu ya kupiga hesabu. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024. Mikumi iko jirani, maporomoko na njia za kupanda Uluguru zipo, na mgeni wa mwisho wa wiki anahitaji pa kutumia jioni yake. Kwa mantiki ya sera, kasino ndani ya hoteli, yenye mlango, kamera na ada ya kuingia, ina madhara madogo kwa soko la Kingalu kuliko mashine 10 zilizotawanyika kati ya soko na stendi ya Msamvu. Fedha yake ni ya mgeni aliyekuja kuitumia. Hata hivyo kasino ni biashara ya mtaji mkubwa, haitaajiri mji mzima, na bila ya masharti ya nani aingie itageuka kuwa dubwi lenye zulia.

Ambacho mji unaweza kukifanya bila kungoja Dodoma ni kidogo lakini si bure. Manispaa ndiyo mwenye Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa na Rais John Magufuli Februari 2021, na mwenye nyumba ana haki ya kuweka masharti ya pango. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sharti kwamba kizimba cha soko kisiweke mashine ya kubahatisha halihitaji ruhusa ya Bodi, kama vile sharti la kutouza mafuta ya taa kwenye kizimba cha nguo lisivyohitaji. Huko Mgeta na Matombo minada na magulio yako kwenye ardhi inayosimamiwa na halmashauri ya wilaya na vijiji, na jambo hilo hilo linawezekana. Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyotambuliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kusajiliwa kupitia halmashauri, vinaweza kuandika kwenye katiba zao kwamba mkopo wa biashara ulipwe kwa muuza mzigo moja kwa moja, usipite mfukoni.

Yanayobaki ni ya Dodoma. La kwanza ni kodi ya mashine kufuata eneo na mapato, ili mashine ya stendini iwe ghali kuliko ya hotelini. La pili ni saa: soko linaamka saa 10 alfajiri, na hakuna sababu ya mashine kuamka nalo. La tatu ni kila duka na kila mashine kubandika bei yake, yaani sehemu inayorudi kwa wachezaji, kama pampu ya mafuta inavyoonyesha bei ya lita. La nne, ambalo wenye kampuni watalipinga zaidi, ni halmashauri kupewa kauli kabla leseni ya eneo haijatolewa, pamoja na sehemu ya kodi. Kwa sasa mtaa unabeba hasara na Hazina inapokea hundi.

Kwa mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kuchukua uwakala wa duka la kubeti au kununua mashine mbili tatu, hesabu iko hivi. Faida ya mchezo ni nono, lakini si yake. Ni ya mwenye leseni. Yeye amebeba pango, umeme, wizi na hatari ya agizo. Mkataba wa pango wa miaka mitatu kwa biashara ambayo kodi yake huguswa kwenye bajeti ni mzigo usio na bima. Aliyewahi kuweka fedha kwenye DECI mwaka 2009 anakumbuka ahadi ya kupanda mbegu na kuvuna ilivyoishia mahakamani. Duka la kubeti lenye leseni si upatu wa namna ile, na si haki kuvichanganya, ila swali la kuuliza ni moja katika yote mawili: faida hii inatoka kwenye mfuko wa nani, na mfuko huo utajazwa na nini kesho? Hatifungani za serikali na vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, havimpi mtu hadithi ya kusimulia kijiweni. Vinampa riba au ongezeko la thamani, na anaweza kusoma masharti yake kabla ya kutoa fedha.

Bajeti husomwa Dodoma mwezi Juni na viwango vipya huanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo mbili Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Kampuni za kubahatisha hupeleka wanasheria wao. Vyama vya wafanyabiashara wa masoko, vya Morogoro vikiwemo, vina haki ya kupeleka ukurasa mmoja kwa mlango huo huo.